Kitabu Kipo, Tatizo Ni Jina Ulilokiita: Hotuba kwa Wasomaji wa Lubumbashi

Maneno haya yalisemwa Jumamosi asubuhi mbele ya wanafunzi, walimu na wazazi waliofika kwenye chumba chetu cha kusomea, Katuba, siku katalogi ya maktaba, yaani orodha ya vitabu vyake, ilipofunguliwa kwenye intaneti. Tunayaweka yote hapa kwa ajili ya waliokosa nafasi ya kuja. Picha zilizoonyeshwa ukutani tumeziacha.

Jambo yenu wapapa, jambo yenu wamama. Jambo wanafunzi wa chuo kikuu, kule Kassapa, mliobadilisha basi njiani ili mfike hapa. Na ninyi walimu, naona wengine mmekuja na madaftari ya kusahihisha. Sahihisheni tu, mradi sikio moja liwe kwangu.

Naanza na swali. Nani humu ndani amewahi kuingia maktaba, akauliza kitabu, akajibiwa "hakuna"? Nyosheni mikono. Haya, mikono mingi. Sasa swali la pili: kati yenu, nani aliuliza tena, kwa jina lingine? Mnaona? Mikono imeshuka.

Kazi yangu ni kupokea maswali ya vitabu, na nililokuja kuwaambia ni fupi. Mara nyingi hilo "hakuna" si jibu juu ya kitabu. Ni jibu juu ya neno uliloandika. Mashine haijui unachotaka moyoni, inalinganisha herufi zako na herufi zilizoandikwa kwenye katalogi, basi. Mtoto nyumbani mnamwita Chouchou, lakini kwenye daftari la shule ameandikwa jina alilopewa siku ya ubatizo na jina la babu yake. Ukienda shuleni ukamwita Chouchou mlangoni, mwalimu atakuambia huyo hatumjui, na mtoto yumo darasani amekaa dawati la pili.

Tuanze basi na majina, kwa sababu hapa kwetu ndipo wengi wanapopotea.

Kuna mwanafunzi wa historia alikuja hapa anaandika kazi yake ya mwisho juu ya kambi za wafanyakazi wa migodi, miaka ya 1930. Aliandika nini kwenye mashine? "Lubumbashi". Akaongeza "1930". Akapata sifuri. Akaandika "Haut-Katanga", kwa sababu ndilo jina la jimbo analoishi. Akapata ripoti za juzi juzi, na kitabu kimoja cha zamani kilichoingia hapo kwa bahati. Akaniambia: mwalimu, hakuna mtu aliyewahi kuandika juu ya jambo hili.

Hakuna mtu? Ndugu zangu, mji huu tangu kuanzishwa mwaka 1910 hadi 1966 uliitwa Élisabethville. Mtu aliyeandika mwaka 1935 angeliandikaje "Lubumbashi" kwenye jalada? Jimbo letu lilikuwa Katanga, likawa Shaba mwaka 1971, likarudi kuwa Katanga mwaka 1997, na mwaka 2015 likakatwa vipande vinne. Nchi yenyewe, État indépendant du Congo kuanzia 1885, Congo belge kuanzia 1908, kisha Congo, kisha Zaïre, kisha Congo tena. Kampuni ya madini, Union Minière du Haut-Katanga tangu 1906, ikawa Gécomin, ikawa Gécamines. Hata chuo kikuu chetu: kazi iliyoandikwa Kassapa mwaka 1975 haikuandikwa chini ya Université de Lubumbashi, iliandikwa chini ya Université nationale du Zaïre, campus de Lubumbashi. Likasi ni Jadotville. Kalemie ni Albertville. Bukavu ni Costermansville. Kisangani ni Stanleyville.

Yule mwanafunzi alipoandika "Élisabethville" na "Union Minière", orodha ilijaa skrini.

Sasa sikilizeni jambo ambalo hata wasomi wakubwa hawalijui, na mimi napenda kulisema polepole. Katika katalogi, kitabu kina mstari wa kichwa, na kina mstari mwingine unaoitwa somo. Kichwa kimenakiliwa kutoka kwenye jalada, kwa hiyo kinashika jina la zamani. Somo limeandikwa na mtu wa maktaba, na maktaba nyingi zinazofuata kanuni za Maktaba ya Bunge la Marekani huandika somo kwa jina la mwisho ambalo mahali limepewa. Maana yake nini? Kitabu kimoja kinaweza kuwa na Élisabethville kwenye kichwa na Lubumbashi kwenye somo. Ukitafuta kwenye kichwa, tumia jina la wakati ule. Ukitafuta kwenye somo, tumia jina la leo. Ukiwa na mashaka, tafuta mara mbili. Utafutaji wa pili haulipishwi!

Nitawapa mfano mmoja unaotugusa hapa hapa Lubumbashi. Mwaka 1965, chama cha watu waliokuwa wakifanya kazi za nyumbani kwa Wazungu, maboyi kama walivyoitwa, kilitoa historia ya mji huu. Imeandikwa na André Yav, kwa Kiswahili chetu, si Kiswahili cha Zanzibar. Je, inaitwa "Historia ya Lubumbashi"? Hapana. Inaitwa "Vocabulaire" ya mji wa Élisabethville. Mtu akiona neno hilo anafikiri ni kamusi, anapita. Mwaka 1990 Johannes Fabian aliitoa tena pamoja na tafsiri na maelezo, kwa kichwa cha Kiingereza, na leo maandishi yake yako kwenye intaneti, unaweza kuyasoma kwenye telefoni ukiwa umekaa Kamalondo. Historia ya babu zetu, kwa lugha ya babu zetu, na neno Lubumbashi halimo kwenye kichwa chake. Ni wangapi wamepita mbele yake wakasema hakuna?

Majina ya watu nayo ni vivyo hivyo. Mudimbe, mtoto wa Likasi aliyefundisha hapa Lubumbashi, alibatizwa Valentin-Yves. Ulipokuja wakati wa Mobutu wa kuacha majina ya Kizungu, akaandika kama Vumbi Yoka. Vitabu vingi vinasema V. Y. tu, herufi mbili zinazofaa majina yote mawili. Ukiandika jina la kwanza kwa ukamilifu unajifungia mlango. Andika jina la ukoo peke yake, kisha chagua kwenye orodha. Na makabila na lugha: Luba, Baluba, Kiluba, Tshiluba, Ciluba. Kiswahili cha Congo kwenye vitabu vya zamani kinaitwa Kingwana. Katika mashine yetu unaweza kuandika Luba OR Baluba, hilo OR maana yake "au", ukapata vyote kwa pamoja.

Basi, majina yatoshe. Nije kwa mama mmoja wa hapa Katuba, ambaye ana shamba nje ya mji, njia ya Kasumbalesa.

Mahindi yake yalikuwa yanaliwa na viwavi. Viwavi wanaingia katikati ya jani changa, unaona mashimo, unaona uchafu kama unga wa mbao, na bukari, ugali wetu, ya mwaka mzima inakwenda hivyo mbele ya macho yako. Mtoto wake akamsaidia kuandika kwenye katalogi kwa Kifaransa: "maladies mais", magonjwa ya mahindi. Bila zile nukta mbili juu ya i, kwa sababu kwenye telefoni nani anahangaika na nukta? Mashine pia haihangaiki nazo. Kwa mashine, maïs ya shambani na mais ya kusema "lakini" ni kitu kimoja. Kwa hiyo alipata riwaya, alipata mahubiri, alipata kitabu cha sheria, kila kitabu chenye "lakini" mahali fulani kwenye kichwa chake. Tulicheka, mama mwenyewe alicheka. Lakini viwavi havikucheka.

Tulifanya nini? Tulibadilisha neno. Kiwavi yule ana jina ambalo wataalamu wa dunia nzima wanaliandika kwa namna moja: Spodoptera frugiperda. Alitoka Amerika, akaonekana Afrika Magharibi mwaka 2016, akasambaa bara lote kwa muda mfupi. Kwa Kifaransa anaitwa chenille légionnaire d'automne, Waingereza wana lao, Wareno wana lao. Ukiandika jina la kisayansi, unapata maandishi ya lugha zote kwa mara moja, na mengi ni ya bure, yametolewa na FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, kwa ajili ya wakulima. Mwalimu wa biolojia wa mtaa wenu anayajua majina hayo. Muuguzi anayajua ya magonjwa. Kuuliza si ujinga, na kumwuliza mwalimu neno moja kabla ya kuja kwenye mashine kunaokoa mega za intaneti.

Na mkipata kitabu kimoja kizuri, msiondoke mbio. Bonyezeni ule mstari wa somo, utawaletea ndugu zake. Au nendeni kwenye rafu yenyewe. Mahindi yanakaa kwenye namba 633.15, na vilivyo kushoto na kulia kwake mara nyingi ni vitabu ambavyo hukujua kwamba unavitafuta. Hilo telefoni haiwezi, na nasema hivyo nikiwa mtu anayeipenda telefoni.

Sasa kuna ugonjwa wa upande mwingine. Si sifuri, bali elfu. Unaandika "Congo" unapata orodha isiyo na mwisho, unasoma ukurasa wa kwanza, unachoka, unafunga. Ugonjwa huu si wa leo. Mwaka 1895, huko Brussels, wanasheria wawili, Paul Otlet na Henri La Fontaine, walianza kuandika vitabu vya dunia nzima kwenye fishi ndogo za karatasi, kila kitabu na fishi yake, ndani ya droo za mbao. Fishi zilifika mamilioni. Na tangu 1896 ungeweza kuwatumia swali kwa posta: unalipa, wanakunakilia fishi zinazohusu swali lako, wanakurudishia kwa posta. Kufikia mwaka 1912 walikuwa wanajibu maswali zaidi ya 1,500 kwa mwaka. Intaneti ya karatasi! Na mteja akiuliza swali pana mno, swali linaloelekea kuleta fishi zaidi ya 50, walimwonya kwanza. Mzee, punguza.

Hamsini. Nami nawaambia vivyo hivyo: ukiona matokeo zaidi ya hamsini, usianze kusoma, punguza. Ongeza neno la pili. Weka maneno yanayokwenda pamoja ndani ya alama za kunukuu, "chemin de fer", yaani reli, ili mashine isikuletee njia upande huu na chuma upande ule. Chagua miaka. Chagua lugha.

Najua mtu mmoja hapa anajiuliza: Brussels hiyo hiyo ya Wabelgiji waliotutawala? Ndiyo, hiyo hiyo, na miaka ile ile ambapo nchi hii ilikuwa mali ya mfalme mmoja. Wakati huo vitabu vilivyotuhusu viliandikwa na watu waliotupa majina waliyotaka wao. Kuna kijana aliniambia wazi: mimi siandiki "Congo belge" kwenye mashine, ni kujidharau. Hasira yake naielewa, tena naiheshimu. Lakini ripoti za wakaguzi, ramani za migodi, orodha za watu waliopelekwa Katanga kwa mikataba ya kazi, vyote vimefungiwa nyuma ya jina hilo. Mimi napendelea tuliandike, tufungue, tusome walichosema juu yetu, kisha tuandike cha kwetu.

Nifike kwenye jambo la mwisho, na hili nalisema kwa sauti kwa sababu ndipo wengi mnapoacha safari katikati. Umetafuta, umekipata. Halafu?

Kijana mmoja wa Ruashi alikiona kitabu chake kwenye telefoni jioni, kimeandikwa Disponible, yaani kipo. Akafurahi, akalala. Kesho yake akapanda basi, akafika saa nne, kitabu kimechukuliwa saa tatu. Alikasirika na sisi. Lakini chini ya lile neno Disponible palikuwa na kitufe kimeandikwa Réserver, yaani niwekeeni. Angekibonyeza usiku ule, asubuhi kitabu kingekuwa mezani kwetu kinamsubiri yeye, si mwingine.

Acheni niwaambie kinachotokea upande wetu mnapobonyeza hapo, maana watu wanafikiri ombi linakwenda hewani. Asubuhi tunapofungua, mashine inatutolea orodha ya maombi. Mwenzangu anaichukua, anakwenda kwenye rafu na namba mkononi. Wakati mwingine kitabu kipo mahali pake. Wakati mwingine msomaji wa jana amekirudisha mwenyewe kwa wema, kwenye rafu isiyo yake, na hapo wema unageuka adhabu, tunakitafuta nusu saa. Tafadhali, ukimaliza kitabu kiache mezani! Kikipatikana, tunaweka ndani yake kikaratasi chenye namba ya kadi yako na tarehe. Namba, si jina. Mtu anayesoma kitabu cha ukimwi au cha talaka hana haja ya jirani yake kulijua hilo.

Ukiona En prêt, maana yake kimeazimwa. Usikate tamaa, bonyeza Réserver hivyo hivyo, unaingia kwenye foleni, na kikirudi hakitawekwa rafuni, kitakuja kwako. Ukiona Exclu du prêt, hicho hakitoki, unakisomea hapa. Na ukibadilisha mawazo, futa ombi lako. Kuna rafu nyuma ya mapokezi ya vitabu vinavyosubiri watu ambao hawaji, na kila kimoja kina mtu mwingine kwenye foleni.

Programu tunayotumia inaitwa Koha. Ilianza New Zealand, kwenye maktaba za wilaya ndogo ya Horowhenua. Mwaka 1999 mashine yao ya zamani ilikuwa haitaweza kuvuka mwaka 2000, wakatengenezewa programu mpya, ikaanza kazi Januari 2000, wakaitoa bure kwa dunia nzima. Ndiyo maana na sisi, bila bajeti ya kutaja mbele za watu, tunayo. Ndani yake kuna sehemu ya kupendekeza kitabu kinunuliwe. Ijazeni. Pesa zikipatikana, tunaanza na orodha yenu, hatuanzi na ladha yangu.

Na kama kitabu hakipo kwetu kabisa? Hapo mnaingia WorldCat, katalogi ya pamoja ya maelfu ya maktaba, iliyoanza Ohio, Marekani, mwaka 1971. Inakuonyesha kitabu kiko nchi gani, maktaba gani. Kukiletesha chenyewe kutoka Ulaya ni ndoto ghali, sitawadanganya. Lakini unahitaji kitabu kizima? Mara nyingi unahitaji sura moja, kurasa ishirini. Maktaba nyingi zinakubali kukutumia nakala ya sura moja au makala moja, ikiwa sheria ya haki za mwandishi inaruhusu, na ikiwa umeomba vizuri.

Kuomba vizuri ni nini? Nimeona barua pepe imeandikwa: "Nisaidieni kitabu juu ya madini." Nani atajibu hiyo? Andika mwandishi, kichwa kamili, mwaka, kurasa unazotaka kutoka hii hadi hii, na ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu, kama ipo. Vitabu vilivyotoka kabla ya 2007 vina ISBN ya tarakimu 10, vya baadaye 13. Vya kabla ya miaka ya sabini mara nyingi havina, usiitafute. Sema wewe ni nani na unaandika nini, mistari miwili tu. Halafu aksanti. Basi.

Kabla ya kuomba, angalieni kwanza kama hakijawekwa bure. Maktaba ya Taifa ya Ufaransa ina Gallica tangu 1997. Akademia ya Kifalme ya Ubelgiji ya sayansi za ng'ambo imeweka wazi majarida na vitabu vyake vya zamani, na Congo imejaa humo. Makumbusho ya Tervuren, huko huko Ubelgiji, nayo imeweka vitabu vyake vingi vya zamani. Pakueni hapa, kwa mega za maktaba, si kwa mega zenu.

Nimeona papa mmoja kule nyuma amenyoosha mkono muda mrefu, na mama wa mapokezi amenong'oneza kwamba umeme tunao hadi saa sita tu, kwa hiyo nakaa pembeni. Wenye kadi waende moja kwa moja kwenye mashine. Wasio na kadi wapite kwanza kwa mama na kadi ya shule au ya mpiga kura. Papa, njoo wewe uwe wa kwanza. Uliniambia mlangoni kwamba unatafuta habari za reli ambayo baba yako aliifanyia kazi kabla ya uhuru, na kwamba ukiandika SNCC, jina la leo la kampuni ya reli, inakuletea mambo ya karibuni tu. Kaa hapa. Futa SNCC. Andika B.C.K., jina la reli wakati ule, kisha Élisabethville.